Tiara Bado Anakua

14 Machi 1993

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu, ametoka zamu ya wodini, amejilaza kidogo akapitiwa na usingizi na viatu vyake mguuni. Mimi nina habari ambayo nimeibana tangu Jumamosi nikitafuta karatasi nzuri.

Nimeshinda. Siyo mara moja, mara tatu: mita mia, mita mia mbili na kuruka mbali, kwenye mashindano ya shule zote za hapa. Kwenye mia mbili nilipomaliza niligeuka kuwatazama wenzangu, nikawakuta bado wanakuja. Mwalimu wa shule nyingine akaenda kumwuliza Shangazi, kwa kuwa ndiye kocha wetu, kama kweli nina miaka kumi na miwili. Shangazi akamjibu amwulize Mama, maana ndiye aliyekuwepo nikizaliwa. Watu wakacheka.

Ila nina lalamiko juu ya Shangazi, na wewe ni mdogo wake, labda utajua namna ya kumwambia. Mazoezi ni siku tatu tu kwa wiki, na tukienda hatukimbii sana. Leo mpira wa mikono, kesho sarakasi kwenye magodoro, siku nyingine tunaogelea kwenye bwawa la chuo. Kila baada ya miezi mitatu anatusimamisha kwenye mlango wa stoo ya vifaa, anatupima urefu na kuchora alama kwa penseli. Mimi ndiye niliye juu kabisa. Chini kabisa yuko mwenzetu mmoja tunayemwita Tone kwa udogo wake. Kila mbio anatoka wa mwisho, na Shangazi anampigia makofi yale yale anayonipigia mimi. Hiyo ni haki?

Mwanao,
Tiara


2 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Barua ya Tiara nimeibandika kwenye kabati la spana, juu kabisa ya jengo, katika chumba cha mashine. Kila fundi wa lifti anayepanda huko kubadilisha kamba au kukagua breki lazima aisome kwanza. Mmoja wao anaijua kwa moyo.

Nakushukuru kwa kazi unayoifanya, na ndiyo maana nakuandikia. Nyuma ya mtaa ninaokaa kuna Kituo cha kulea vipaji vya michezo. Lifti ya hosteli yao naihudumia mimi. Wiki iliyopita nilimweleza kocha mkuu wao habari za mtoto, akaniuliza urefu wake, nikamwonyesha kwa mkono hapa kwenye bega langu. Akasema wanapokea kuanzia miaka kumi na miwili, na wanafanya mazoezi mara mbili kwa siku, siku sita.

Tiara ana kitu, Dada. Tangu anatambaa alikuwa hatulii upepo ukivuma, na jina lile la kishada nilimpa kwa hilo. Sasa huu muda wa kudaka mpira na kupinduka kwenye magodoro ni wa nini? Kama hutaki aje huku, basi angalau mwongezee siku. Chuma hufuliwa kikiwa cha moto.

Mdogo wako,
Fundi


25 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka kusikia kwamba mwanao anasomwa na mafundi wenye mikono ya grisi. Hongera. Furahi, una haki ya kufurahi.

Lakini nisikilize. Tiara anashinda kwa sababu amerefuka kabla ya wenzake. Anakimbia na watoto kwa miguu ya msichana mkubwa. Mwaka mmoja au miwili ijayo watamfikia, na wengine watampita. Siku hiyo nataka awe na kitu zaidi ya urefu. Awe anajua kudaka, kuanguka bila kuumia, kugeuka, kuelea majini, na zaidi ya yote awe bado anapenda kuja uwanjani. Nina watoto ishirini na wawili, na nikiwatazama sijui hata mmoja atakuwa nani akifika miaka ishirini. Na wewe hujui. Mwili wa mtoto una ratiba yake, hausomi barua zetu.

Sitakuandikia ile methali ya haraka na baraka, maana unaijua na haijawahi kukusaidia. Nakuomba jambo moja tu: habari za Kituo usiniulize tena mpaka atimize kumi na sita.

Wifi yangu amekubaliana nami. Tulizungumza jikoni kwake, akasema mtoto akianza mazoezi ya siku sita, nguo za michezo atazifua baba yake.

Dada yako


11 Mei 1993

Dada,

Shikamoo. Nimekusikia. Sijakubali, nimekusikia.

Fundi


9 Oktoba 1994

Baba,

Shikamoo. Nisamehe nimekawia kuandika, tulikuwa na mitihani. Nimefanya vizuri hesabu, jiografia hivyo hivyo.

Mama ameteremsha pindo la sketi yangu ya shule mara mbili mwaka huu, sasa hakuna kitambaa kilichobaki. Naangusha vikombe. Nikikaa kwenye dawati miguu inatokea kwa mtu wa mbele. Shangazi ananipima kila mwezi sasa, anasema napanda kama mgomba. Kwenye mpira wa mikono mimi ndiye mlinda mlango na wananisifu sana, maana mikono yangu inafika kila mahali. Magoti yanauma kidogo, siyo sana. Shangazi amenipunguzia kuruka, naogelea zaidi.

Mashindano ya mwaka huu yalikwenda vizuri. Hali ya hewa ilikuwa nzuri.

Tafadhali ukiandika usiulize habari za medali, maana makabati yamejaa. Natania.

Mwanao,
Tiara


20 Novemba 1994

Dada,

Shikamoo. “Hali ya hewa ilikuwa nzuri.” Sentensi hiyo nimeisoma mara nne kabla sijaielewa.

Fundi mwenzangu ametoka likizo huko kwetu. Mpwa wake alikuwa kwenye mbio zile zile. Ameniambia Tiara alitoka wa tano. Wa pili alikuwa yule mliyekuwa mkimwita Tone, aliyekuwa wa mwisho kila siku. Nilimsikiliza nikiwa nimeshika taa, nikajifanya natazama nyaya.

Mimi si mtu wa kugombana kwa barua. Lakini mwaka na nusu nimenyamaza kwa sababu uliniomba, na mtoto aliyekuwa anageuka kuwatazama wenzake nyuma, sasa anatazama migongo yao. Wewe hukuniandikia. Yeye ananificha. Kwa hiyo nimeomba nafasi Kituoni, na wamejibu kwamba watampokea Januari. Mwambie mama yake aanze kumwandalia nguo.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi. Mimi ulinifundisha siku sita kwa wiki, asubuhi na jioni. Nilikuwa bingwa wa vijana nikiwa na miaka kumi na mitano. Nisingepata kazi ya ufundi mapema ningefika mbali, watu wote wanajua. Kwa nini mwanangu unamnyima ulichonipa mimi?

Fundi


4 Desemba 1994

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku tisa. Umeniuliza kwa nini namnyima mwanao nilichokupa wewe. Nitakujibu, na ukimaliza kusoma fanya utakalo.

Nilipoanza kukufundisha nilikuwa na miaka kumi na tisa, wewe kumi na minne. Nilikuwa na filimbi, saa ya mkononi na kitabu kimoja kilichokosa kurasa za mwanzo. Ulikuwa unakimbia kama mtu aliyeitwa. Kila uliposhinda nilikuongezea. Ukashinda tena, nikakuongezea tena. Nilidhani huko ndiko kufundisha.

Siku nne kabla ya mbio zile za mwisho nilikuona unachechemea. Ulikuwa unavuka uwanja kwenda kunywa maji, hukujua natazama. Nilijua huko si kuchoka. Nikakupigia filimbi, nikakuambia, “Kaza, ni siku nne tu.” Ukakaza. Mfupa wa muundi ukapasuka kwenye kona ya mwisho, mbele yangu, na ule mlio nausikia mpaka leo kijiti kikivunjika.

Ulikuwa na miaka kumi na saba. Ulipotolewa plasta hukurudi uwanjani. Ukawaambia watu umepata kazi ya ufundi, nami nikawaacha waamini, kwa sababu uongo wako ulinisitiri mimi.

Ndiyo, Tiara alikuwa wa tano. Amerefuka sentimita tisa kwa mwaka. Mifupa imekimbia, misuli inaifuata nyuma, magoti yanavutwa, na mwili wote kwake ni kama nguo ya kuazima. Itapita. Wifi anajua kila kitu. Nilipaswa kukuandikia wewe pia, lakini kila nilipofika kwenye neno “maumivu” kalamu iligoma. Neno hilo kwako siliwezi.

Kituo hicho sikisemi vibaya, sikijui. Ninachokijua ni nilichokifanya mimi. Nilikuwa na mtoto mmoja tu wa kumfundisha, nikamvunja. Ndugu yangu.

Dada yako


8 Januari 1995

Dada yangu,

Shikamoo. Nilipanda na barua yako chumba cha mashine, nikafunga mlango.

Uliniona nachechemea siku nne kabla ya mbio. Dada, nilichechemea miezi mitatu. Nikiwa mbele yako nilitembea sawasawa, ukigeuka nikaegemea ukuta. Ukienda kazini nilikuwa naingiza mguu kwenye ndoo ya maji baridi nyuma ya jiko, na nilimwapisha mama yetu asikuambie. Uliniuliza mara moja kwa nini raba ya kushoto imeisha upande, nikasema ni mbovu. Nilijua ukijua utanisimamisha. Ungenisimamisha. Kwa hiyo usibebe mzigo wote peke yako, nusu yake ni yangu.

Na kuna jingine, hili hata mke wangu sijamwambia. Kukimbia nilikuwa sikupendi tena tangu miaka kumi na sita. Nilikuwa naamka asubuhi naomba mvua inyeshe. Nilipoanguka pale kwenye kona, kabla maumivu hayajafika, kitu cha kwanza nilichokisikia kilikuwa afueni. Nilikuwa na miaka kumi na saba nikafurahi mguu kuvunjika, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kukuambia nimechoka. Nimelificha hilo miaka kumi na minane, na nilikuwa karibu kumpeleka mwanangu akalitafute mwenyewe.

Nimeshawaambia Kituoni kwamba Januari haji. Kocha mkuu hakukasirika, alisema mlango upo.

Aprili nina likizo. Nitakuja. Usimwambie Tiara, nataka nimwone akiwa hajajipanga.

Mdogo wako


7 Mei 1995

Baba,

Shikamoo. Umesahau soksi zako hapa, na Mama amesahau kukukasirikia, kwa hiyo uko salama.

Kiwiko chako kimepona? Tone ameuliza. Wale wadogo wa miaka minane pia wameuliza, wanakuita Babu Kiunzi. Shangazi alikuambia kabisa kwamba viunzi vile vya kuruka ni vya watoto, vinafika magotini, usivichezee. Ukasema fundi wa lifti haogopi kupanda. Ulipoanguka niliogopa, mpaka nilipoona mabega yako yanatikisika kwa kicheko, na Shangazi naye amekaa chini kwenye nyasi anacheka huku analia. Sijui kwa nini alilia. Nilipomwuliza alisema ni vumbi.

Nina jambo la kukuandikia, kwa sababu pale kwenye uzio sikukujibu lote. Uliniuliza, “Wewe unataka nini? Siyo Shangazi, siyo mimi.” Nikasema nataka kubaki. Ni kweli. Lakini Desemba nilitaka kuondoka. Barua yako ya habari za Kituo niliikuta kwenye droo ya Shangazi nikitafuta filimbi, nikaisoma. Nikapanga nguo zangu kwenye begi, zikakaa humo wiki mbili. Siyo kwamba nilikipenda Kituo. Niliona aibu kupitwa na Tone. Nilifikiri nikienda mbali, hakuna huko atakayejua kwamba zamani nilikuwa wa kwanza.

Halafu Shangazi akaleta vile viunzi, mbao alizochongewa na seremala wa shule. Nikajaribu. Miguu hii iliyokuwa haienei chini ya dawati, kumbe ilikuwa na kazi yake. Jioni hiyo nikafungua begi kutoa raba, na sikukumbuka tena kulifunga.

Ulinisimulia habari za mguu wako, na Shangazi akasimama pembeni bila kukukatiza. Sasa goti likiniuma nasema siku hiyo hiyo, hata likiwa kidogo. Shangazi anasema nimezidi, nimekuwa kama wagonjwa wa Mama.

Mwanao,
Tiara


16 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Marahaba ya mapema, maana najua utaanza na shikamoo.

Nilikuambia habari za Kituo usiniulize mpaka atimize kumi na sita. Amevuka kumi na saba na hukuniuliza hata siku moja. Najua ilikugharimu. Leo nakuuliza mimi: bado unaijua njia ya kule?

Tiara amekuwa mtu wa mita mia nne kuruka viunzi. Hilo sikulipanga. Ulinzi wa mlango ulimpa nyonga nyepesi, bwawa likampa pumzi, miguu aliipata kwenu. Mwaka huu ameongeza siku za mazoezi zimefika tano, na aliomba mwenyewe. Nilimwambia afikirie wiki moja. Akafikiria siku moja, akarudi kuniomba tena.

Sasa nimemfikisha ninapoishia. Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi na kocha wa watoto. Najua kuwapima mlangoni, kuwafundisha kuanguka, kuwafanya wapende kurudi kesho. Kinachofuata sikijui, na safari hii sitajifanya najua. Kule Kituoni kuna kocha wa viunzi, mwanamke. Nimeandikiana naye mwaka mzima bila kukuambia. Nilimtumia vipimo vyote vya miaka mitano, habari za magoti, hata siku ambazo mtoto alipumzika. Alinijibu kurasa sita za maswali. Mtu anayeuliza kurasa sita anastahili kupewa mtoto wa watu.

Tone hatakwenda. Amechaguliwa timu ya wakubwa ya mpira wa mikono na amefurahi, yeye na Tiara wanaitana pacha.

Tiara atakaa kwako. Mpe kitanda kirefu.

Dada yako


20 Septemba 1998

Dada,

Shikamoo. Amefika salama. Kitanda nimekiongezea mbao miguuni, anatosha, akilala chali vidole vinagusa ukuta. Mkate niliokuwa nakula siku tatu sasa unaisha kabla sijarudi kazini.

Jana nilimsindikiza Kituoni. Tulipanda kwa lifti yangu, nikaisikiliza njia nzima kama itatuaibisha. Kocha alimpokea kwa kumkalisha chini wakazungumza saa nzima, hakumkimbiza hata hatua moja. Mimi nilingoja kwenye korido nimeshika begi. Tiara alipotoka aliniambia, “Kocha anauliza kama wewe.”

Sahihi yako kwenye barua ina doa la maji. Nitasema ni mvua.

Mdogo wako


12 Julai 1999

Shangazi,

Shikamoo. Vumilia mwandiko. Niko nje ya chumba cha daktari, naandikia kwenye goti.

Leo ulikuwa mchujo wa timu ya taifa. Tulikuwa wanane kwenye fainali, mimi mdogo wa pili kwa umri. Nilianza vibaya, nikagusa kiunzi cha tatu, nikayumba, nikajiokota. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa wa sita. Sikuogopa. Nilihesabu hatua zangu kama kawaida, na nikaanza kuwaona wanakuja upande wangu, mmoja, mwingine, mwingine. Nimemaliza wa tatu. Wanachukua watatu.

Baba alikuwa jukwaani na nguo zake za kazi. Kocha anasema mbio nzima hakupiga kelele, alishika tu bomba la mbele, na lile bomba sasa linasafishwa grisi.

Lakini siyo hilo lililonifanya niandike kabla hata sijavua viatu. Tulipomaliza walituita mmoja mmoja kwa daktari wa timu, mzee mpole mwenye kalamu mbili mfukoni. Ana fomu, na sehemu ya majeraha ya zamani ina mistari kumi. Msichana aliyeshinda, niliyezaliwa naye mwaka mmoja, alikuwa mbele yangu. Aliijaza yote, daktari akageuza karatasi akaendelea nyuma. Alipotoka alikuwa anatembea polepole, akanishika bega akaniambia, “Hongera, mimi mchujo huu nadhani ni wa mwisho.” Alisema kama mtu anayetaja saa.

Nikaingia. Daktari akaniuliza nimewahi kuumia wapi. Nikamwambia magoti, nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, wakati wa kurefuka, nikapumzishwa yakapona. Akaandika. Akangoja. Akasema, “Endelea.” Nikasema ni hayo tu. Akaniuliza nimeanza lini michezo. Nikamwambia tangu nina miaka kumi. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeficha, kisha akaniambia nilale, akaniminya miundi yote miwili, vifundo vya miguu, nyonga, mgongo, taratibu, kila mahali akiuliza. Hakuna nilipoumia, Shangazi. Popote. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, basi.

Akafunika kalamu yake. Akasema, “Basi wewe bado hujaanza.”

Nikatoka kumwambia Baba. Nafasi ya tatu aliipokea amesimama, akanipa mkono kama tunavyopeana na kocha. Hili la daktari nilipomwambia, alikaa chini kwenye ngazi, akaniomba nilirudie. Nikalirudia. Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kalamu yake ya kazini na karatasi, akasema, “Mwandikie sasa hivi. Mwandikie hivyo hivyo alivyosema.”

Mwanao,
Tiara